Akaunti ya wingu isiyotumika: uifunge, uigandishe, au uiache na tahadhari ya bajeti?

Akaunti ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, iliyofunguliwa kwa ajili ya mafunzo. Usajili wa Azure, wingu la Microsoft, uliobaki baada ya mradi wa wafadhili kuisha. Mradi wa Google Cloud ulioundwa na fundi ambaye alishahama kampuni. Vyote vina njia ya malipo nyuma yake, na mara nyingi hakuna anayevitazama. Wenye navyo hujipa moyo kwamba mle ndani hamna cha kuibwa.

Anayevamia hajali kilichomo. Anachotaka ni haki ya kuagiza vitu vipya kwa jina lako: mashine za GPU (zenye vichakato vya nguvu kubwa) za kuchimba sarafu za kidijitali, huduma ya kutuma barua pepe za utapeli kwa maelfu ya watu, au modeli kubwa za lugha zinazotozwa kwa kila ombi, ambazo yeye huziuza rejareja huku bili ikija kwako. Kwa kazi hiyo akaunti kuukuu ni bora kuliko mpya. Mpya huanza na vikomo vidogo vya mashine na huchunguzwa sana siku za mwanzo. Ya zamani ina historia nzuri ya malipo, pengine vikomo vyake vilishapandishwa enzi za mradi, na hakuna atakayeshtuka Jumamosi usiku. Ndiyo maana utakutana na matangazo ya watu wanaonunua akaunti "zilizokomaa". Usiuze. Mkataba unabaki kwa jina lako, na deni pia.

Njia zilizopo ni nne, na hazilingani hata kidogo kwa nguvu.

Tahadhari ya bajeti peke yake

Hii ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu huchukua dakika tano: unaweka bajeti ya dola 1, unaandika barua pepe yako, unaenda zako. Tatizo lake ni muda. AWS husasisha takwimu za gharama hadi mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8 hadi 12 hivi. Azure hupima bajeti kila saa 24. Google Cloud hutuma taarifa baada ya matumizi kuhesabiwa, na kwa baadhi ya huduma hesabu hiyo huchelewa zaidi.

Sasa weka hayo kando ya kasi ya mvamizi. Katika ripoti yake ya Novemba 2021, Google ilieleza kwamba kati ya mashine 50 za wateja zilizokuwa zimevamiwa karibuni, asilimia 86 zilitumika kuchimba sarafu, na katika asilimia 58 ya matukio programu ya uchimbaji ilishapakuliwa ndani ya sekunde 22 tangu mashine ivamiwe. Kwa upande wake Microsoft iliandika mwaka 2023 kuhusu mashirika yaliyoangukiwa na gharama za zaidi ya dola 300,000 kwa uchimbaji wa namna hiyo. Fanya hesabu ndogo: mashine 10 za GPU zinazotozwa dola 20 kwa saa kila moja, kwa saa 12 kabla barua pepe haijafika, ni dola 2,400. Hapo ni kama utaisoma ikifika, na haikwenda kwenye anwani ya mfanyakazi aliyeondoka.

Bajeti ya kawaida haizuii chochote, inakuarifu tu. AWS ina nyongeza inayoweza kubandika sera ya kuzuia au kusimamisha mashine za kukodi za EC2 na hifadhidata za RDS kikomo kikifikiwa, na bajeti mbili za kwanza za aina hiyo ni bure. Ni nzuri kuliko barua pepe, ila nayo husubiri takwimu zilezile zinazochelewa. Weka bajeti kwa vyovyote vile, lakini iwe nyongeza ya ulinzi mwingine.

Kadi tupu

Afrika Mashariki hii ndiyo imani iliyoenea: unaunganisha kadi ya Visa ya mtandaoni, kama zile zinazotolewa kupitia M-Pesa, unaacha salio sifuri, basi umelindwa. Hujalindwa. Kampuni hizi hutoza baada ya matumizi. Kadi ikikataa, deni halifutiki. Linabaki kwenye akaunti, unatumiwa madai, kisha akaunti inasimamishwa ikiwa tayari imeshatumika kwa uharibifu. Anayetumia kitambulisho kilekile kufungua akaunti nyingine baadaye anaweza kukwama kwa sababu ya deni hilo. Kuna hasara ya pili: kadi ikishindwa kutozwa hata zile senti chache za diski iliyosahaulika, unaweza kupoteza akaunti na data iliyokuwa ndani bila kupanga.

Tofauti ipo kwenye mipango ya bure yenye kikomo cha kweli. Azure kwa wanafunzi hutoa salio la dola 100 kwa miezi 12 bila kadi yoyote, na jaribio la bure la Azure, dola 200 kwa siku 30, lina kikomo cha matumizi kinachozima huduma salio likiisha. Jaribio la Google Cloud ni dola 300 kwa siku 90, na halianzi kutoza mpaka mwenyewe ubofye kupandisha akaunti. Kwa AWS, waliofungua akaunti tangu tarehe 15 Julai 2025 na kuchagua mpango wa bure hupata hadi dola 200 za salio na miezi 6. Baada ya hapo akaunti hujifunga. Ukishapandisha daraja kwenda malipo ya kawaida, kinga hiyo imeondoka, na hakuna kikomo cha matumizi unachoweza kukiwasha badala yake.

Kugandisha au kufunga

Hapa ndipo uamuzi wa kweli ulipo. Kugandisha ni kuiacha akaunti hai huku ukiinyima uwezo wa kuunda chochote. Kufunga ni kuondoka.

| | AWS | Azure | Google Cloud |
|---|---|---|---|
| Muda wa kujuta baada ya kufunga | Siku 90 | Data hufutwa kati ya siku 30 na 90 | Siku 30 kwa mradi |
| Kinachoweza kuendelea kutozwa | Mashine zilizonunuliwa kwa mkataba wa muda, bidhaa za Marketplace (soko la programu la AWS) | Mpango wa msaada usipoufuta kando, mikataba ya muda | Deni la nyuma, miradi mingine iliyo chini ya akaunti ileile ya malipo |
| Njia bora ya kugandisha | Sera ya kukataa kila kitu kutoka AWS Organizations (huduma ya kusimamia akaunti nyingi pamoja) | Azure Policy kutoka kundi la juu la usimamizi | Kutenganisha mradi na akaunti ya malipo |
| Udhaifu wa kugandisha | Haizimi kinachotembea tayari | Mwenye haki ya Owner (mmiliki) anaweza kuondoa kufuli | Rasilimali zinaweza kufutika moja kwa moja |
| Kisichorudi | Barua pepe haitumiki tena kufungua akaunti nyingine | Data ikishafutwa; saraka (orodha ya watumiaji na haki zao) hubaki | Kitambulisho cha mradi hakitumiki tena milele |

Kama huwezi kutaja sababu moja ya kuibakiza, funga. "Huenda tukaihitaji" si sababu. Kufungua akaunti mpya ni kazi ya nusu saa. Sababu halali ni kama hizi: kumbukumbu ambazo sheria inataka zitunzwe, mkataba wa muda uliokwishalipiwa, salio la ruzuku ambalo halijaisha, au majina ya domeni yaliyosajiliwa humo na bado hayajahamishwa.

AWS: kugandisha vizuri kunahitaji akaunti ya pili

Ukiwa na akaunti moja tu, huna njia ya kujifungia nje, kwa kuwa mtumiaji wa root anaruhusiwa yote. Dawa ni kuiweka chini ya akaunti nyingine. Fungua akaunti ya usimamizi isiyo na seva wala watumiaji wa ziada, washa AWS Organizations ikiwa na uwezo wake wote, alika akaunti iliyolala, kisha kubali mwaliko ukiwa ndani yake. Unda kundi, tuseme "Zilizolala", hamishia akaunti humo, washa sera za SCP (zinazoweka mipaka ya kinachoruhusiwa kwenye akaunti za chini) na ubandike hii:

```
{
  "Version": "2012-10-17",
  "Statement": [
    { "Effect": "Deny", "Action": "*", "Resource": "*" }
  ]
}
```

Sera hii humbana hata root wa akaunti iliyoalikwa, na huzuia pia amri ya kujitoa kwenye shirika, amri ambayo mvamizi huijaribu mapema. Ukitaka kuifungua, unaihamisha kutoka kwenye kundi ukiwa kwenye akaunti ya usimamizi. Tangu Novemba 2024 unaweza pia, kutoka juu, kufuta kabisa nywila na funguo za root wa akaunti za chini. Akaunti isiyo na nywila haina cha kukisiwa.

Mambo matatu huwakwaza watu hapa. Kwanza, SCP haiigusi akaunti ya usimamizi yenyewe, kwa hiyo usiweke kazi yoyote humo na uifunge kwa uthibitishaji wa hatua mbili, ikiwezekana kwa ufunguo wa kifaa halisi, kama cha USB. Pili, bili ya akaunti iliyoalikwa sasa huja kwa mwenye akaunti ya usimamizi. Usikubali kualika akaunti ya mteja bila kulielewa hilo. Tatu, sera inazuia amri mpya, haizimi mashine zilizopo. Anwani moja ya IPv4 ya umma hutozwa dola 0.005 kwa saa, yaani kama dola 3.60 kwa mwezi, iwe inatumika au haitumiki. Kwa hiyo safisha kwanza, gandisha baadaye. Kagua kanda zote, yaani maeneo ya dunia yenye vituo vya data vya AWS, maana ukurasa wa EC2 huonyesha kanda moja kwa wakati mmoja na wavamizi hupenda zile usizozitembelea. Kanda zilizozinduliwa baada ya tarehe 20 Machi 2019, Cape Town ikiwemo, huja zikiwa zimezimwa, ziache hivyo.

Azure: angalia anayeweza kuondoa kufuli

Kufuli la kusoma tu kwenye usajili wa Azure linaonekana kama jibu, na kwa kuzuia ajali linafaa. Kwa mwizi halifai sana: aliyepata haki ya Owner huliondoa kwa mbofyo mmoja. Sera ya Azure Policy inayokataa aina zote za rasilimali, ikibandikwa kwenye kundi la usimamizi lililo juu ya usajili badala ya kwenye usajili wenyewe, haiondolewi na Owner wa chini. Kisha punguza hao Owner. Kwa usajili uliolala wawili wanatosha, na wote wawe na uthibitishaji wa hatua mbili.

Azure ina hatari moja ambayo wengi hawaifahamu: usajili unaweza kuhamishwa kwenda saraka nyingine. Mvamizi mwenye haki ya Owner huuhamishia kwenye saraka yake, na hapo wewe huoni tena kinachofanyika humo, ingawa malipo bado yanaweza kukuhusu. Zuia mapema: kwenye ukurasa wa Subscriptions, ingia kwenye sera za usajili na uweke kwamba hakuna anayeruhusiwa kuhamisha usajili kutoka au kuingia kwenye saraka yako. Ni mipangilio miwili tu, na ndiyo ningeanza nayo kabla ya kitu kingine chochote cha Azure.

Ukiamua kufunga, kufuta usajili ni hatua mbili. Ya kwanza, kuughairi, huzima mashine, huachia anwani za IP za muda, na hifadhi hubaki ya kusoma tu. Lakini usajili wa malipo ya kawaida ulioghairiwa unaweza kuwashwa tena kwenye tovuti na mwenye haki. Kwa hiyo kitufe cha kufuta kikishapatikana, rudi ukitumie. Na ujue kwamba saraka yako (huduma iitwayo Entra ID) haikufutwa: watumiaji, wageni na programu zilizosajiliwa na siri zao bado zimo. Hizo zifute kwa mkono.

Google Cloud: kutenganisha malipo

Google ndiyo rahisi kuliko zote. Ukitenganisha mradi na akaunti ya malipo, huduma za kulipia hukoma. Ila si kugandisha kwa maana ya kuhifadhi, kwa sababu rasilimali zilizokuwa zikitembea zinaweza kufutwa bila kurudishika. Pakua unachokihitaji kwanza. Baada ya hapo ondoa haki ya kuunganisha malipo kwa kila mtu asiyehusika, la sivyo aliyeiba nywila ataunganisha upya. Kama hakuna mradi mwingine unaotumia akaunti hiyo ya malipo, ifunge nayo.

Sera za shirika, kama ile ya kuzuia huduma zisizoruhusiwa au ya kuzuia kuunda funguo za akaunti za huduma (akaunti zinazotumiwa na programu, si watu), zinahitaji uwe na shirika, yaani domeni iliyosajiliwa Google Workspace au Cloud Identity. Aliyefungua miradi kwa Gmail ya kawaida hana hizo. Kwake kuzima mradi ndiyo jibu. Una siku 30 za kuurudisha, lakini vilivyomo Cloud Storage vinaweza kufutwa mapema zaidi, kwa hiyo usitegemee siku hizo kama nakala rudufu.

Funguo kwanza, nywila baadaye

Kosa linalorudiwa kwa zote tatu ni kubadili nywila na kudhani kazi imeisha. Si kila uvamizi huingia kwa nywila. Mwingine huingia kwa funguo za programu zilizoachwa kwenye GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), kwenye kompyuta iliyouzwa, au ndani ya faili la mipangilio la tovuti ya zamani. Funguo za AWS za muda mrefu huanza na AKIA. Faili za JSON za akaunti za huduma za Google kwa kawaida hazina tarehe ya kuisha. Kwa AWS, pakua ripoti ya vitambulisho ya IAM (sehemu ya kusimamia watumiaji na haki zao), ambayo ni faili la CSV, uangalie safu zinazoonyesha lini kila ufunguo ulitumika mara ya mwisho. Zima ufunguo kwa siku chache kuona kama kuna kinachokatika, kisha uufute. Ufunguo uliozimwa tu unaweza kuwashwa. Baada ya hapo tazama haki zilizotolewa kwa akaunti za nje. Mkandarasi wa mwaka juzi huenda bado anaingia bila kuhitaji nywila yako hata moja.

Mpangilio wa kufunga

Anza na DNS, mfumo unaoelekeza majina ya domeni kwenye seva. Futa kila rekodi inayoelekeza kwenye akaunti hiyo kabla ya kufuta kilichoelekezwa. Ukifuta ndoo ya S3 (hifadhi ya faili ya AWS) au tovuti ya Azure na kuacha rekodi, mtu mwingine anaweza kusajili jina lilelile na kuweka ukurasa wa utapeli chini ya domeni yako. Kisha hamisha majina ya domeni yaliyosajiliwa Route 53, huduma ya domeni ya AWS. Kumbuka kwamba kwa domeni kama .com, iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni hukaa siku 60 kabla ya kuruhusiwa kwenda kwa msajili mwingine.

Ghairi bidhaa za Marketplace moja moja, maana kufunga akaunti ya AWS hakuzighairi. Pakua ankara zote: TRA na KRA hutaka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5, na kuzitafuta baadaye kwa akaunti iliyofungwa ni usumbufu. Futa rasilimali na funguo. Kama utataka kuitumia anwani yako ya barua pepe kwa akaunti nyingine ya AWS, ibadili kabla ya kufunga, kwa mfano kwa kuongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @. Ndipo uingie kama root na ufunge. Mwezi unaofuata angalia bili. Ya matumizi ya kabla ya kufunga itakuja, na ni halali.

Mwanafunzi aliyemaliza kozi: funga leo, hakuna cha kugandisha. Kampuni ndogo yenye akaunti mbili au tatu: funga zote isipokuwa moja, na hiyo moja iwekewe bajeti juu ya ulinzi mwingine. Wakala au kampuni inayosimamia akaunti za wateja wengi: kugandisha kwa SCP au kundi la usimamizi ndiko kunakowafaa, kwa kuwa uamuzi wa kufunga ni wa mteja na kwa kawaida huchelewa.

Kampuni inayovunjwa ina shida ya peke yake. Domeni zake za .co.tz au .co.ke zisipolipiwa huachiwa, na yeyote anaweza kuzisajili, akaunda sanduku la barua la mwenye akaunti na kuomba nywila mpya. Namba ya simu nayo, ikikaa bila kutumika, hugawiwa mteja mwingine pamoja na ujumbe wa uthibitisho unaotumwa kwake. Akaunti binafsi za Google zisizotumika kwa miaka 2 hufutwa, na huenda akaunti yako ya wingu ilisajiliwa kwa Gmail ya namna hiyo. Kwa hiyo funga akaunti za wingu kwanza, na endelea kulipia domeni na laini ya simu mpaka zile siku 90 zipite, kwa sababu ndani ya muda huo mwenye barua pepe ya root bado anaweza kuomba akaunti ifunguliwe upya.